Sheria ya uhalifu wa chuki Georgia: maneno ambayo askari hakuyaandika

Mkalimani_Jirani

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi viungani mwa Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mtu wa kuitwa kila Kiswahili kinapohitajika: hospitalini, shuleni, mahakamani, na mara nyingine mlangoni kwa mtu wakati askari amesimama kizingitini. Nimefungua uzi huu kwa ruhusa ya mama mmoja kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye ameniomba nisimtaje yeye, wala mtaa wake, wala kituo cha polisi kilichomhudumia, nami nitaliheshimu ombi hilo.

Asubuhi moja aliamka na kukuta matairi mawili ya gari lake yamechanwa kwa kisu, na mlango wa nyumba anayopanga umeandikwa kwa rangi nyeusi tusi la rangi ya ngozi pamoja na amri ya kurudi Afrika. Askari alifika upesi na alikuwa mtu wa adabu. Hilo nalisema kwa haki yake. Aliuliza gari ni la mwaka gani, mlango ni mali ya nani, kama kuna kamera jirani, kama bima ipo. Mama alijibu yote, mimi nikafasiri, kisha akaongeza jambo ambalo halikuulizwa: "Andika na ile maneno. Ile maneno njo inaniogopesha, haiko mulango." Yaani maneno ndiyo yanayomtisha, si mlango. Nilimfasiria askari neno kwa neno. Akajibu kwamba maneno yataonekana kwenye picha.

Siku nne baadaye tulikwenda kuchukua nakala ya ripoti, ile ambayo Tanzania tungeiita RB na Kenya wangeiita OB. Ilikuwa na mistari sita: matairi, rangi mlangoni, makadirio ya hasara, hakuna mshukiwa. Aina ya kosa: uharibifu wa mali. Yale maneno hayakuwemo.

Nimeona watu wengi humu wakizungumzia sheria za Marekani dhidi ya uhalifu wa chuki kana kwamba kazi yake yote hufanyika mbele ya jaji. Nataka kueleza, kwa mfano wa jimbo ninaloishi, kwa nini naamini kwamba sheria hiyo huishi au hufa mapema zaidi, kwenye karatasi ya askari wa kwanza aliyefika.

Georgia ilitunga sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 2000. Bunge la jimbo lilibishana juu ya makundi gani yatajwe, na mwishowe likaona njia rahisi ni kutotaja kundi lolote: sheria ikasema tu kwamba adhabu itaongezwa iwapo mhalifu alimchagua mwathirika kwa sababu ya upendeleo au chuki. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Georgia, katika kesi ya watu wawili weupe waliowapiga ndugu wawili weusi katika mtaa wa Little Five Points, Atlanta, iliifuta sheria hiyo kwa hoja kwamba haikuwa na mipaka. Mahakama ilieleza kuwa kwa maneno yale hata shabiki wa mchezo anayemshambulia mtu aliyevaa kofia ya timu pinzani angeweza kuhukumiwa kwa uhalifu wa chuki. Hukumu hiyo naiona ya haki, ingawa matokeo yake yalikuwa machungu: kwa miaka 16 jimbo likabaki bila sheria, na kufikia mwisho wa kipindi hicho lilikuwa pamoja na Arkansas, South Carolina na Wyoming katika orodha ya majimbo manne yasiyo nayo.

Kisha ikaja Februari 23, 2020. Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika mtaa wa Satilla Shores, karibu na mji wa Brunswick, pwani ya Georgia. Wanaume watatu weupe walimfukuza kwa magari mawili ya pikapu kwa dakika kadhaa, mmoja wao akimpiga picha za video kwa simu, na mwingine akamuua kwa bunduki. Baba wa aliyefyatua risasi alikuwa askari wa zamani, na baadaye mpelelezi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa eneo hilohilo.

Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Ripoti ya kwanza ya polisi ilijengwa karibu yote juu ya maelezo ya huyo baba. Aliyeuawa hakuwa na mtu wa kumsemea. Mama yake, Wanda Cooper-Jones, amesimulia hadharani kwamba aliambiwa mwanawe alihusika katika wizi wa nyumba na akauawa na mwenye nyumba. Waliohusika walirudi kwao siku ileile. Mwendesha mashtaka wa kwanza alijitoa kwenye kesi. Wa pili, kabla naye hajajitoa, aliandika barua akieleza kwamba haoni sababu ya kumkamata mtu, akitegemea sheria ya Georgia ya mwaka 1863 iliyoruhusu raia kukamata raia mwenzake. Hakuna aliyekamatwa mpaka video ilipotoka hadharani Mei 5. Siku mbili baadaye Ofisi ya Upelelezi ya Georgia ikawakamata baba na mwana. Siku 74 zilikuwa zimepita, na muda wote huo polisi walikuwa na video hiyo mikononi.

Baada ya hapo sheria ilipita kwa kasi. Muswada namba 426, ambao ulikuwa umepitishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 kwa kura 96 dhidi ya 64 na kulala katika Seneti zaidi ya mwaka, uliamshwa, na Gavana Brian Kemp akautia saini Juni 26, 2020. Ulianza kutumika Julai 1. Safari hii makundi yalitajwa: rangi, asili ya taifa, dini, jinsi, mwelekeo wa kimapenzi, ulemavu wa akili au wa mwili. Kwa kosa kubwa, adhabu ya nyongeza ni kifungo kisichopungua miaka miwili. Kwa baadhi ya makosa madogo, kifungo cha kati ya miezi sita na kumi na miwili. Na katika hali zote mbili faini inaweza kufika dola 5,000.

Magazeti yaliandika juu ya miaka na dola. Kifungu ambacho mimi nakiona kuwa moyo wa sheria hakikuandikwa sana. Kinasema kwamba kila askari anapopeleleza tukio ambalo inaonekana mwathirika alichaguliwa kwa sababu hizo, awe amekamatwa mtu au hajakamatwa, askari huyo atajaza ripoti maalumu ya uhalifu wa chuki na kuiwasilisha kwa mkuu wake, na takwimu zikusanywe na Ofisi ya Upelelezi ya jimbo. Yaani wabunge waliona tatizo lilipo. Lakini neno "inaonekana" wakaliacha lilivyo: inaonekana kwa nani? Kwa mama wa Uvira ilionekana waziwazi. Kwa askari ilionekana mlango uliochafuliwa.

Wakuu, naomba michango yenu, hasa wanasheria na wale mnaoishi katika majimbo mengine.

Wakili_Dodoma

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye maelezo ya kutosha. Nina swali la msingi ambalo halihusu Georgia peke yake. Katika sheria ya jinai tunayoifanyia kazi huku, mahakama hutazama kitendo na nia ya kukitenda. Kilichomsukuma mtu kutenda huweza kuzingatiwa wakati wa adhabu, lakini hakiwi sehemu ya kosa. Matairi yaliyochanwa na jirani mwenye wivu na matairi yaliyochanwa na mbaguzi ni matairi yaleyale. Je, huko hakuna hatari kwamba mtu anaadhibiwa kwa mawazo yake, katika nchi inayojivunia uhuru wa maoni kuliko zote?

Mkalimani_Jirani

Ndugu Wakili, swali lako ndilo lililosumbua mahakama zao kwa muda mrefu, na majibu yalikuja kwa hatua tatu ambazo nitazieleza kama mtu aliyesoma, kwa kuwa mimi si mwanasheria.

Mwaka 1992, katika kesi iliyotoka St. Paul, Minnesota, ambako kijana alishtakiwa kwa kuchoma msalaba, ishara ya wabaguzi ya kuwatisha watu weusi, ndani ya ua wa familia ya watu weusi, Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ndogo ya mji huo, kwa sababu ilichagua ujumbe fulani na kuufanya kosa. Kuchoma msalaba kwenye ua wa mtu kungeweza kushtakiwa kwa sheria nyingine nyingi, lakini si kwa sheria inayoadhibu maoni. Mwaka uliofuata ikaja kesi ya Wisconsin dhidi ya Mitchell. Huyo Mitchell alikuwa kijana mweusi wa mji wa Kenosha ambaye mwaka 1989 aliwachochea wenzake wampige mvulana mweupe wa miaka 14 aliyekuwa akipita njia. Mvulana alipoteza fahamu kwa siku nne. Kosa la kushambulia lilikuwa na kikomo cha miaka miwili, sheria ya chuki ikakipandisha hadi saba, naye akapewa minne. Mahakama Kuu, majaji wote tisa kwa sauti moja, ikasema sheria ya namna hiyo inasimama, kwa sababu inaadhibu tendo ambalo tayari ni kosa, na kwa sababu tendo lililochaguliwa kwa misingi hiyo huleta madhara mapana zaidi kwa mwathirika na kwa jamii yake.

Niruhusu niseme hapo: naitaja rangi ya Mitchell makusudi. Wapo wanaodhani sheria hizi ni zawadi kwa watu weusi. Kesi iliyozihalalisha kitaifa ilimtia hatiani mtu mweusi, na mimi naona ilikuwa sawa.

Hatua ya tatu ni ya mwaka 2000. Mtu mmoja wa New Jersey alifyatua risasi kwenye nyumba ya familia ya watu weusi huko Vineland. Kosa lake la silaha lilikuwa na kikomo cha miaka kumi, lakini jaji, peke yake, alipima ushahidi kwa kiwango cha uwezekano tu, akaona kulikuwa na chuki na kumpa miaka kumi na miwili. Mahakama Kuu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema hapana: jambo lolote linalopandisha adhabu juu ya kikomo cha sheria, isipokuwa hatia za zamani, lazima lithibitishwe mbele ya juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, bila kuacha shaka yoyote ya msingi.

Sasa unganisha hilo na mistari sita ya ripoti ya mama yetu. Kama juri ndiyo itakayoamua sababu, na kiwango cha uthibitisho ni cha juu kabisa, basi ushahidi wa sababu hauwezi kuokotwa miezi sita baadaye. Mlango umeshapakwa rangi upya. Jirani aliyesikia ameshahama.

Binti_wa_Nakuru

Habari zenu. Nimesoma kwa makini na naomba kueleweshwa. Kwetu Kenya, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, tulipata Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo inamfunga mtu hadi miaka mitatu au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni moja kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Kwa hiyo aliyeandika vile mlangoni kwa huyo mama angekuwa na kesi huku kwa maandishi yenyewe. Je, Georgia maandishi pekee si kosa?

Mkalimani_Jirani

Dada, hapo ndipo wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tunapokosea tunapofika huku. Kenya imechagua kuadhibu matamshi. Marekani, kwa Marekebisho ya Kwanza ya katiba yao, karibu haiwezi kufanya hivyo, isipokuwa maneno yawe tishio la kweli au uchochezi wa vurugu ya papo hapo. Mtu akisimama barabarani akakuambia rudi kwenu, askari hatamkamata, na ukipiga simu utavunjika moyo bure. Akichukua rangi na kuandika maneno hayohayo kwenye mlango wako, ameharibu mali, na hapo maneno yanageuka kutoka uhuru wake kuwa ushahidi wa kwa nini alikuchagua wewe.

Georgia imekwenda mbali kiasi kwamba imetaja makosa madogo yanayohusika, likiwemo lile la kuingilia na kuharibu mali ambalo hufunika hasara isiyozidi dola 500. Hasara ikizidi hapo, linakuwa kosa kubwa. Matairi mawili na mlango vinaweza kuangukia upande wowote wa mstari huo, lakini pande zote mbili sheria ya chuki inafika. Kinachokosekana ni maandishi ya askari tu.

Baba_Zawadi_Minneapolis

Wakuu, naongea kutoka Minnesota, jimbo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na Waswahili kadhaa tuliojibanza katikati yao. Agosti 5, 2017, alfajiri, bomu lilirushwa ndani ya msikiti wa Dar Al-Farooq, Bloomington, watu wakiwa wamekusanyika kwa swala. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Kiongozi wa waliofanya hivyo alihukumiwa na mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu na si ya jimbo, miaka 53 mwaka 2021.

Lakini nililokuja kuchangia ni dogo zaidi na linajibu swali la mwenye uzi. Sheria ya Minnesota inasema askari lazima aripoti kwa mkuu wa idara yake kila kosa ambalo yeye ana sababu ya kuamini kuwa limetokana na chuki, au mwathirika akidai hivyo. Hayo maneno "au mwathirika akidai" ndiyo mliyoyakosa Georgia. Askari hapewi nafasi ya kuwa hakimu mlangoni. Wewe umesema, yeye anaandika; ukweli utapimwa mbele ya safari na watu wenye kazi hiyo. Mimi nilichanwa viti vya gari mwaka fulani, nikamwambia askari ninavyohisi na kwa nini, naye aliweka alama kwenye kisanduku mbele yangu, akanigeuzia skrini nione. Mhalifu hakupatikana. Hata hivyo nililala usingizi usiku ule, na sijui niwaelezeje wale ambao hawajawahi kukaa nchi ya watu.

Mzee_wa_Columbia

Wanangu, mimi nipo South Carolina tangu mwaka 1994 na naomba kupinga kidogo. Hapa hatuna sheria ya jimbo hata leo. Juni 17, 2015, watu tisa waliuawa wakisoma Biblia katika kanisa la Mother Emanuel, Charleston, akiwemo mchungaji wao Clementa Pinckney, aliyekuwa seneta wa jimbo hili hili. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wenye jina lake mwaka 2021, likapitisha tena mwaka 2023, na mara zote mbili Seneti, ambako marehemu alikuwa na kiti, haikuupigia kura ya mwisho. Hayo yananiuma. Hata hivyo muuaji alihukumiwa kifo na mahakama ya shirikisho kwa uhalifu wa chuki. Wale watatu wa Brunswick nao walitiwa hatiani na mahakama ya jimbo kwa mauaji bila sheria yenu mpya, kwa kuwa ilichelewa miezi minne, na kisha wakatiwa hatiani na shirikisho. Sasa sheria ya jimbo inaongeza nini, ikiwa Washington inafika?

Mkalimani_Jirani

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu Brunswick umesema kweli tupu. Novemba 24, 2021 juri ya jimbo iliwatia hatiani kwa mauaji, na waendesha mashtaka waligusia suala la rangi kwa nadra sana, wakijua juri ile ilikuwa na mtu mweusi mmoja tu. Ni mbele ya mahakama ya shirikisho, iliyowatia hatiani Februari 22, 2022 kwa sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1968 inayolinda haki ya mtu kutumia barabara ya umma, ndipo yaliposomwa maneno waliyokuwa wameandika kuhusu watu weusi. Mahakama hiyo iliwapa baba na mwana kifungo cha maisha, na aliyepiga video miaka 35.

Ila, mzee, Washington hufika palipo na maiti na kamera za televisheni. Haifiki kwenye matairi. Idara ya Haki yenyewe, kupitia uchunguzi wa kuwauliza wananchi majumbani, ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2004 na 2015 kulitokea matukio ya chuki takriban 250,000 kila mwaka, na zaidi ya nusu hayakufikishwa polisi kabisa. Upande wa pili FBI, inayokusanya takwimu kutoka idara za polisi tangu sheria ya mwaka 1990, ilihesabu matukio 11,862 kwa mwaka 2023. Hata ukikubali kwamba njia mbili hizo za kuhesabu hazifanani, pengo lile ni la kutisha. Kuripoti kwa FBI ni hiari. Idara ya polisi isiyojaza fomu haivunji sheria ya shirikisho. Ni sheria ya jimbo pekee inayoweza kumwambia askari wa kaunti kwamba lazima.

Na hata penye sheria, anayeitafsiri ni mtu. Machi 16, 2021 mtu mmoja aliua watu wanane katika sehemu tatu za kukandwa mwili hapa Georgia, sita kati yao wanawake wenye asili ya Asia. Wanne waliuawa katika kaunti ya Cherokee, wanne katika kaunti ya Fulton. Kesho yake msemaji wa sherifu wa Cherokee alisimama mbele ya waandishi na kueleza kwamba mshukiwa alikuwa na siku mbaya sana. Baadaye Cherokee ilimaliza kesi yake kwa mshukiwa kukiri na kufungwa maisha, mwendesha mashtaka wa huko akisema upelelezi haukuonyesha chuki ya rangi. Fulton, mwendesha mashtaka alitoa taarifa kwamba ataomba adhabu ya uhalifu wa chuki kwa misingi ya rangi na jinsi. Mtu mmoja, jioni moja, sheria moja, na mwendo wa gari usiozidi saa moja kati ya kaunti hizo mbili. Mimi sisemi nani alikuwa sahihi kuhusu moyo wa muuaji. Nasema kwamba maneno ya kwanza ya ofisa wa polisi yaliingia masikioni mwa wafiwa kabla ya sheria yoyote, na hayakutoka tena.

Askari_Mstaafu_Mwanza

Nimekaa kaunta za polisi miaka 27 na sijawahi kufika Marekani, lakini askari ni askari, hivyo nitasema neno moja kwa niaba ya huyo kijana. Askari huandika anachoweza kukitetea. Akiandika "matairi mawili yamechanwa", hakuna wakili atakayemtoa jasho kizimbani. Akiandika "kwa sababu ya chuki", ataulizwa alijuaje, na mkuu wake atamuuliza mapema zaidi, kwa sababu jalada lenye neno zito linadai upelelezi mzito, na mwisho wa mwezi jalada lisilo na mshukiwa linabaki kwa jina lako. Tena kuna aibu ya mtaa: hakuna kituo kinachopenda kuonekana kina chuki nyingi. Si lazima awe mbaguzi. Anaweza kuwa mwoga wa karatasi.

Ushauri wangu kwa huyo mama: asimwombe askari aandike sababu. Amwombe aandike maneno. "Mlalamikaji amesema kwamba mlangoni kumeandikwa hivi na hivi, na kwamba anaogopa." Hilo ni maelezo ya mlalamikaji, halimfungi askari kwa lolote, na hakuna askari duniani mwenye haki ya kuyakataa maelezo ya mlalamikaji.

Mkalimani_Jirani

Afande, nimekaa na mchango wako siku mbili kabla ya kujibu, na leo asubuhi tumeufanyia kazi.

Tulirudi kituoni na mama, tukaomba ripoti ya nyongeza. Hatukutaja kifungu wala mwaka wa sheria. Tulikuwa na mambo matatu mkononi: picha ya mlango iliyopigwa kabla ya kusafishwa, karatasi yenye maneno yenyewe yaliyonakiliwa herufi kwa herufi, na sentensi mbili za mama nilizozifasiri na yeye kutia saini chini ya Kiswahili chake. Askari wa kaunta, mwanamke wa makamo, alisoma, akanyamaza, akauliza kama kuna jambo jingine lililowahi kutokea pale. Mama akakumbuka kwamba mwezi mmoja kabla, mtu alimwaga takataka kizingitini, naye alidhani ni watoto. Hilo nalo likaandikwa na tarehe yake. Kisha yule ofisa akavuta fomu nyingine kutoka droo ya chini, ile maalumu ya jimbo, akaanza kuijaza bila kuombwa.

Kwa wale mnaoishi huku na mtakaopitia uzi huu siku moja: pigeni picha kabla ya kusafisha, hata mkiona aibu jirani wakitazama. Nakilini maneno kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, kwa sababu mwandiko na makosa vimewahi kumtambulisha mtu. Ombeni mkalimani, wala msimtume mtoto afasiri tusi kwa mama yake. Ombeni namba ya ripoti na mrudi kuisoma. Ripoti ya nyongeza ni jambo la kawaida kituoni. Na walio Oregon, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2020 Idara ya Haki ya jimbo hilo ina simu ya kupokea taarifa za chuki bila kulazimika kuanzia polisi.

Tulipotoka, mama alifungua nakala yake tukiwa bado kwenye maegesho. Kusoma Kiingereza hajui, lakini alilitambua lile neno kutoka mlangoni, kwa kuwa alilisugua kwa brashi muda wa saa mbili. Akaweka kidole juu yake, akaniomba nimsomee mstari mzima kwa Kiswahili, na nilipomaliza akaniomba nirudie.